Barua Zilizopotea Karakana ya Meno

Karakana ile ilitengeneza meno. Ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, vyumba vitatu na stoo, na ukifungua mlango tu pua yako inapokewa na harufu ya nta ya moto na vumbi la plasta. Madaktari wa meno wa mji mzima walipeleka pale vipimo vya vinywa vya wagonjwa wao, na baada ya siku kadhaa wakapelekewa meno kwenye kiboksi kidogo, safi, yakimeta, kama vile hayajawahi kuwa unga na maji.

Mtu wa plasta alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye miwani mizito. Wenzake walimwita Profesa. Chuo hakukanyaga hata kimoja. Jina lile alilipata kwa sababu hakuwa na jibu fupi: ukimwomba bisibisi, anakupa bisibisi pamoja na maelezo ya kwa nini ile uliyoitaka si yenyewe. Lakini mikono yake ilikuwa mepesi, na zaidi ya plasta, ndiye aliyekuwa tabibu wa kompyuta zote za karakana. Alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza. Alipenda sana kuitwa. Alipenda kuacha beseni la plasta, kupangusa mikono kwenye aproni taratibu, na kupita katikati ya watu waliosimama wakimsubiri kama daktari wa zamu.

Stoo, juu ya rafu, kati ya magunia ya plasta na feni mbovu, ilikaa seva ya ofisi: kompyuta nyeusi isiyo na kioo, taa yake moja ya kijani ikikonyeza mchana kutwa. Humo ndimo ilimokaa tovuti ya karakana. Daktari akifungua tovuti hiyo aliweza kuona meno ya mgonjwa wake yamefikia wapi, kama bado yako kwenye nta au yameshang'arishwa. Shida ilikuwa moja. Kila umeme ukikatika, kampuni ya intaneti iliipa ofisi namba mpya ya anwani, na madaktari wakawa wanafungua tovuti na kukuta patupu.

“Sasa hii inakuwaje, Profesa?” aliuliza mwenye karakana, mama mmoja mnene, mchapakazi, asiyejua kuongea kwa sauti ya chini. “Leo mara ya tatu mwezi huu. Watu watadhani tumefunga.”

Profesa alikuwa akilisubiri swali hilo. Akavua glovu.

“Bosi, kwenye intaneti kila kitu kina jina na kina namba. Watu wanashika jina, mashine zinataka namba. Kuna huduma inaitwa DNS, kazi yake ni kujibu tu: jina hili, namba yake hii. Yetu inaendeshwa na wale waliotuuzia jina. Namba ikibadilika, mpaka tuwaandikie, nao wanabadilisha kesho yake wakijisikia. Lakini ziko kampuni nyingine, kazi yao ni hiyo DNS peke yake. Tukihamia huko, seva yenyewe itakuwa inawaambia namba yake mpya kila ikibadilika. Dakika mbili, basi.”

“Hama,” alisema mama. “Umesubiri nini siku zote?”

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, Profesa alivuta kiti kwenye meza ya mapokezi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kompyuta nzuri. Dada wa mapokezi akasogea pembeni na daftari lake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Ndiye aliyepokea simu, aliyefungua barua pepe za madaktari na kuandika kila kazi kwenye ubao wa ukutani.

Profesa alifungua akaunti kwenye kampuni mpya. Kisha akafungua ukurasa wa kampuni ya zamani, akakuta orodha ya rekodi, mistari minne. Miwili ilikuwa ya tovuti, akainakili. Wa tatu ulikuwa wa seva, akaunakili pia. Wa nne haukuwa na namba ya anwani kama mingine. Ulianza na herufi mbili, MX, ukafuatiwa na namba kumi, kisha jina refu la kampuni asiyoijua. Aliutazama. Akaona joto dogo likimpanda shingoni, lile la mtu anayekutana na asichokijua mbele ya watu.

“Na barua pepe, mzee?” aliuliza dada wa mapokezi. “Hazitaguswa?”

Alikuwa ameuliza tu, bila nia mbaya, kalamu mkononi. Lakini Profesa hakuwahi kusema neno “sijui” katika ofisi ile, na siku hiyo hakuona sababu ya kuanza.

“Binti, barua pepe ni mambo mengine kabisa,” alisema. “Hii ni tovuti.”

Akauacha mstari wa nne alipoukuta. Ukurasa wa kampuni mpya ukamuuliza kama amehakikisha rekodi zote zimehamishwa. Akaweka alama ya ndiyo. Akarudi kwenye kampuni ya zamani, akaamuru kwamba kuanzia leo majibu yote yatoke kwa wale wapya. Akaenda stoo, akaiwekea seva programu ndogo ya kutangaza namba yake. Akazima umeme kwa makusudi, akauwasha, akafungua tovuti kwenye simu yake. Ikafunguka.

Mama alipiga makofi. Vijana wa chumba cha nta walitoka kuangalia. Profesa alirudi kwenye beseni lake amevimba kichwa, na jioni mkewe alielezwa habari ya DNS tangu mwanzo hadi mwisho huku akichambua mboga.

Mtandao hausahau mara moja. Jumanne barua pepe ziliendelea kuja, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa bado zinakumbuka majibu ya zamani. Jumatano zikapungua. Alhamisi hapakuja hata moja. Dada wa mapokezi alifungua sanduku lake kama kawaida, na lilifunguka, kwa kuwa lilikuwa kwenye kampuni nyingine ya mbali. Aliandika barua na zilikwenda. Hakuna kilichokuwa kibaya kwa macho. Tena alifurahi, maana hata matangazo ya dawa na bahati nasibu, ambayo wiki zote alikuwa akiyafuta kwa mafungu, yalikuwa yamekoma.

“Wiki imetulia hii,” alisema Ijumaa, akinywa chai yake.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, simu ililia. Alikuwa daktari mmoja wa meno, mteja wa miaka mingi, na alipiga kwa mama mwenyewe. Alitaka kujua meno ya mgonjwa wake mmoja, bibi wa makamo, yamefikia wapi. Yapi? Yale aliyotuma picha na maelezo kwa barua pepe wiki iliyopita, juu na chini, haraka, na kalibu za kinywa chake zimekaa kwenye kaunta ya kliniki zikisubiri kuchukuliwa. Kufika saa nne, madaktari wengine watatu walikuwa wameulizwa, na wote walikuwa wametuma kazi. Mmoja alisema amepata ujumbe wa ajabu ajabu wa Kiingereza kwamba barua yake imeshindwa kufika, akaufuta akidhani ni wezi wa mtandaoni.

Mama alitoka ofisini kama gari lisilo na breki. Alisimama mbele ya meza ya mapokezi, akaamuru sanduku lifunguliwe. Barua hazikuwemo. Akaamuru pipa la zilizofutwa lifunguliwe. Lilikuwa tupu.

“Ulikuwa unafuta matangazo kwa mafungu. Nilikuona kwa macho yangu! Umefuta na kazi za watu.”

“Sijafuta, bosi. Ninaangalia kwanza…”

“Sasa ziko wapi? Zimeota mbawa? Madaktari wanne wote waongo?”

Machozi yalikuwa yamemjaa dada wa mapokezi lakini hayajaanguka. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama mikono yake, na kwa sauti ndogo akasema jambo ambalo Profesa, aliyekuwa mlangoni na kalibu mkononi, hakulisahau tena.

“Labda nilizifuta bila kujua.”

Hapo hapo ule mstari wa nne ukamjia Profesa machoni kama umeandikwa ukutani. MX. Kumi. Jina refu. Alikwenda stoo, akafunga mlango, akatafuta maana yake kwenye simu. Haikumchukua muda. Ule mstari ndio unaoiambia dunia barua za jina hili zipelekwe wapi. Bila huo, barua zilikuwa zinakwenda kubisha hodi kwenye seva yake ya stooni, ambayo haikufundishwa kupokea barua. Zilibisha siku nne, siku tano, kisha zikamrudia aliyezituma.

Aliandika ule mstari kwenye kampuni mpya. Maneno machache. Akakosea mara mbili. Kisha akapiga moyo konde, akatoka kwenda kusema.

Meza ya mapokezi ilikuwa wazi. Mkoba haukuwepo, wala kanga aliyozoea kuitandika kitini.

“Nimemrudisha nyumbani,” alisema mama, amekaa, anajipepea kwa faili. “Akae huko mpaka nimwite, kama nitamwita. Nimechoka, Profesa. Hapa ndani bila wewe tungekuwa tumeshafunga. Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuachia kitu nikalala.”

Profesa alisimama pale.

“Pole, bosi,” alisema.

Baada ya saa moja barua zilianza kuingia. Tatu, tano, tisa, na matangazo ya bahati nasibu juu yake. Mama alipiga meza. “Umeona? Ameondoka tu, barua zinakuja! Alikuwa anazifuta huyu. Sasa nina hakika.”

Profesa aliona. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemwangushia jumba bovu mtoto wa watu, na sasa ile dawa aliyoitia kimya kimya ndiyo iliyogeuka kuwa ushahidi dhidi ya binti huyo. Kama angesema asubuhi, lingekuwa kosa. Sasa lilikuwa limeshapata jina lingine, udanganyifu. Alijiambia kesho. Kesho yake akajiambia Jumatatu, mama akiwa ametulia.

Siku zile kazi ya kufungua barua alipewa yeye. Alikaa kwenye kiti cha dada wa mapokezi, akaandika kazi ubaoni chini ya mwandiko wake mzuri, na mwandiko wa kwake ukaonekana kama kuku amepita. Kwenye droo alikuta daftari. Dada yule alikuwa anaandika kila barua iliyoingia, tarehe na saa. Siku za Alhamisi na Ijumaa ile aliandika: “Hakuna.” Na chini ya Jumatatu: “Hakuna. Kumuuliza mzee.” Hakumuuliza. Profesa alijua kwa nini. Mtu uliyemuuliza ukajibiwa vile, unamrudiaje?

Nyumbani alikuwa hakaliki. Mkewe alimvumilia siku tatu.

“Baba watoto, una nini? Chakula unakitazama kama kimekutukana.”

“Kazi tu.”

“Kazi huwa unaniambia mpaka nasinzia. Hii huniambii. Basi si kazi.”

Profesa aliogopa kuutazama uso wake. Mkewe alikuwa amewaambia majirani kwamba mumewe ndiye kichwa cha pale karakana.

Siku ya tisa mgonjwa mwenyewe, yule wa meno ya juu na chini, alikuja. Haikuwa kawaida, wagonjwa hubaki kwa madaktari wao, lakini huyu alikuwa ametumwa na daktari aje kupimwa rangi upya, kwa kuwa meno yake yalikuwa yamefanywa mbio mbio. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu, amevaa vizuri, ameshika leso mdomoni. Aliongea nyuma ya leso, na herufi zake ziliponyoka.

“Karibu, mwalimu, kaa,” alisema Profesa. “Tunasikitika kwa kuchelewa.”

“Hakuna neno, mwanangu. Siku yenyewe imeshapita.”

“Siku gani?”

Akasema kwamba wanafunzi wake wa zamani, watu wazima sasa, wengine na wajukuu, walikuwa wamekutana Jumamosi kumuaga mmoja wao anayehama nchi. Walimwomba azungumze. Walikuja na gari mpaka mlangoni. Akawatumia ujumbe kwamba anaumwa.

“Nimefundisha kusoma kwa sauti miaka thelathini na moja,” alisema. “Ningesimama vipi mbele yao hivi? Niliwaona dirishani wanaondoka. Nikajificha nyuma ya pazia, mtu mzima mimi.” Akacheka kidogo, na leso ikabanwa zaidi. “Nasikia ni msichana wenu alifuta barua. Msimfukuze. Watoto wanakosea.”

Profesa alilinganisha rangi ya meno, akaandika namba, akamsindikiza hadi ngazi. Mama yule alikuwa anaona haya kwa kitu kisicho kosa lake, na bado anamwombea msamaha mtu asiyekosa. Naye aliyekosa alikuwa amesimama pale na meno yake yote thelathini na mawili, anaitikia “asante, mwalimu.” Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, ilikuwa sakafu ya saruji na duka la vioo chini yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama bila kuvua aproni.

“Bosi, barua hazikufutwa. Ni mimi.”

Akaeleza. Kwa mara ya kwanza maishani alieleza kwa ufupi. Mstari wa nne, hakuujua, aliulizwa, akajifanya anajua, akauacha. Mama alimsikiliza kalamu ikiwa hewani.

“Umejua lini?”

“Siku ile ile. Asubuhi ile ile.”

“Kabla sijamtoa yule mtoto, au baada?”

“Nilipotoka stoo alikuwa ameshaondoka. Lakini barua zilipoanza kuingia nilikuwa hapa. Uliposema una hakika, nilikuwa hapa.”

Profesa alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mama hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliweka kalamu chini, akatazama dirishani.

“Kukosea ningekusamehe kabla hujamaliza kusema,” alisema. “Lakini umeniacha nikamdhalilisha mtu mbele ya watu, na kila siku nikakusifu. Unajua nimewaambia madaktari wangapi kuhusu yule binti?”

“Najua.”

“Hujui. Toka, nipumue kwanza.”

Mchana aliwaita wote chumba cha nta na kumwambia Profesa aseme tena. Akasema tena. Vijana walitazama viatu vyao. Mmoja, aliyependa mzaha, alitaka kutupa neno, akaona uso wa mzee, akaliacha. Kisha mama akachukua simu na kuanza kupiga kwa madaktari mmoja mmoja, na kila mara alianza kwa kusema: “Nilikuambia uongo bila kujua.” Profesa alitakiwa kukaa pale asikie simu zote. Alizisikia zote.

Ya mwisho ilikuwa ya dada wa mapokezi. Haikupokewa. Ilipigwa mara ya pili, haikupokewa.

“Kwao unapajua?” aliuliza mama.

“Nitapatafuta.”

“Nenda wewe. Mimi nitakwenda kesho, kwa langu.”

Nyumba ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko la mitumba, mlango wa kijani, cherehani barazani. Baba wa yule dada, fundi nguo aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, alikuwa amekaa karibu na cherehani hiyo kana kwamba bado anashona. Profesa aliamkia, akajitambulisha, akapewa kiti. Dada wa mapokezi alitoka ndani na ndoo, akamwona, akasimama.

“Shikamoo,” alisema, kwa sababu alilelewa hivyo, si kwa sababu alitaka.

“Marahaba, binti. Nimekuja kwako, na kwa baba.”

Akasema kwa mara ya tatu siku ile. Alidhani itakuwa rahisi kwa kuwa maneno yalikuwa yameshazoea njia. Haikuwa. Mzee yule hakujua intaneti wala DNS, kwa hiyo hapakuwa na neno gumu la kujifichia. Ilibidi aseme: nilifanya kosa, akalaumiwa mwanao, nikanyamaza siku tisa.

Kidole cha baba kilikuwa kinapapasa gurudumu la cherehani. Kisha, badala ya kumgeukia mgeni, alimgeukia binti yake.

“Mama,” alisema, kama baba wengi wanavyowaita mabinti zao, “mimi nilikuambia nini siku ile?”

“Yameisha, baba.”

“Nilikuambia nini?”

“Ulisema mimi mzembe. Ulisema watu hawamtoi mtu kazini bure.”

Mzee aliinamisha kichwa. Profesa aliyekuwa amejipanga kubeba aibu yake aliona sasa ameigawa, ameileta hadi kwenye baraza ya mtu na kumvika mzee wa macho mabovu.

Dada wa mapokezi aliweka ndoo chini. Hakulia.

“Mimi niliamini,” alimwambia Profesa. “Hilo ndilo linaloniuma. Nililala kila siku nikijaribu kukumbuka nilizifuta saa ngapi. Nikaanza kukumbuka hata kitu ambacho hakikuwepo. Na wewe ulikuwa unajua.”

“Nilijua.”

“Nilikuuliza. Siku ile nilikuuliza.”

“Uliniuliza, na swali lako lilikuwa sahihi. Sikujua jibu, na nikaona haya kukuambia sijui.”

Dada akamtazama. “Sitaki kukuambia nimekusamehe kwa sababu umekuja kwetu na umekaa kitini,” alisema. “Bado.”

“Sawa.”

“Kesho nitakuja kazini. Nywila za huko kwenye DNS uniandikie zote. Ukitaka kubadilisha kitu, nikae pembeni, unieleze mstari kwa mstari, na usipojua useme.”

“Nitasema.”

Baba alimkaribisha maji. Profesa aliyanywa yote amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaaga. Alipofika kwenye kona alisikia nyuma yake sauti ya mzee ikianza kusema kitu kwa binti yake, polepole, ikikatika katikati. Akaongeza mwendo ili asimsikie. Nyumbani mkewe alikuwa anamsubiri, na naye pia alikuwa bado hajaambiwa.